Jino Likinyamaza Halijapona



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, mizani ya chai na mikataba ya kazi. Leo naomba nafasi niseme juu ya jino. Najua wapo watakaocheka. Lakini wale waliowahi kukaa usiku kucha wameshika shavu wakingoja jogoo awike, hao hawatacheka, na ndio ninaowaandikia.

Neno langu ni moja, nalitoa mapema ili asiye na muda alichukue aende nalo kazini: jino lililouma sana kisha likanyamaza lenyewe, halijapona. Mara nyingi limekufa kwa ndani, na ubaya unaendelea kimya kimya. Tena kabla ya kung'oa, mara nyingi lipo jambo jingine la kufanya, nalo ni kutibu mzizi wa jino. Wengi wetu hatulijui, na wengine tunalijua kwa jina tu tukidhani ni anasa ya matajiri wa Kigali.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita gego langu la chini lilianza kuniuma nilipokunywa chai ya moto. Nikahamishia chai upande wa pili wa mdomo. Likaanza kuuma usiku. Nikanunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, nikatia karafuu, nikatia na tumbaku kama mzee mmoja alivyonielekeza. Usiku wa tano likanyamaza. Nilifurahi, nikawatangazia wenzangu hapa Nkungu kwamba tumbaku ni dawa. Baada ya miezi saba shavu lilivimba mpaka chini ya taya, nikawa siwezi kufungua mdomo kupitisha kijiko. Jino liling'olewa, nikakaa siku sita bila kufanya kazi. Tabibu aliyening'oa aliniuliza: "Siku zile ulipokosa usingizi, kwa nini hukuja?" Sikuwa na jibu. Nilidhani kwenda kwake maana yake ni koleo tu, na jino likiwa limetulia, koleo la nini?

Siko peke yangu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kwanza wa afya ya kinywa wa nchi yetu nzima. Walipimwa watu zaidi ya 2,000. Zaidi ya nusu walikuwa na meno mabovu ambayo hayajatibiwa, na watu 70 katika kila 100 walikuwa hawajawahi kufika kwa mtaalamu wa meno hata mara moja. Basi ukiwa kwenye shamba la chai na wenzako kumi, jua kwamba pengine saba kati yenu ni kama nilivyokuwa mimi.

KWA NINI JINO LINANYAMAZA

Jino si jiwe. Juu kuna ganda gumu kuliko mfupa. Chini ya ganda kuna sehemu iliyo laini kidogo. Katikati kuna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu. Chumba hicho kinateremka kwa mifereji myembamba ndani ya mizizi mpaka kwenye ncha. Jino la mbele mara nyingi lina mfereji mmoja. Magego ya chini mara nyingi yana mizizi miwili na mifereji mitatu, na magego ya juu mizizi mitatu na mifereji mitatu au minne.

Wazee wetu husema jino lina mdudu. Hakuna mnyoo ndani ya jino, lakini hawakukosea sana. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari tunayokula, vinatoa asidi, na asidi hiyo inatoboa ganda kidogo kidogo. Tobo likiwa dogo, daktari analisafisha na kuliziba siku hiyo hiyo. Likiachwa, linafika chumbani.

Hapo ndipo moto unapowaka. Kidole kikivimba kinapanuka, kina nafasi. Nyama ya jino imefungwa ndani ya kuta ngumu, haina mahali pa kupanukia. Inajibana yenyewe, na ndiyo maana maumivu ya jino yanamliza mtu mzima. Siku zikipita nyama hiyo inakufa na mshipa wa fahamu unakufa nayo. Aliyekuwa akipiga kelele amekufa, ndiyo sababu kuna kimya. Lakini vijidudu havikufa. Vinashuka kwenye mifereji, vinatokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia katika mfupa wa taya. Jipu linajengwa pale, wiki au miezi, nawe unakula kwa furaha.

DALILI ZA KUJUA

Mimi si daktari. Haya nimeyajifunza kwa kuuliza madaktari na kwa kuumia. Ukiona dalili mojawapo usijihukumu mwenyewe, nenda ukapimwe.

Kwanza, maumivu ya baridi au ya moto yasiyoondoka. Kama maji baridi yanakuchoma kidogo kisha yanaacha mara moja, huenda kuziba tu kunatosha. Kama maumivu yanabaki dakika nzima au zaidi baada ya kumeza, nyama ya ndani imeumia.

Pili, maumivu yanayokuja bila kuitwa, hasa usiku ukilala, yakakuamsha.

Tatu, jino linauma ukiling'ata au ukiligonga, na unaliona kama limekuwa refu kuliko mengine.

Nne, jino lililopigwa. Umeanguka na pikipiki, umepigwa na mpini wa jembe, mtoto amekugonga kwa kichwa. Baada ya miezi au hata miaka jino linageuka rangi, linakuwa la kijivu. Hilo huenda limekufa hata kama halina tobo.

Tano, kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, kinapona, kinarudi, na ladha mbaya mdomoni. Wengi hukikamua na kuridhika. Kipele hicho ni bomba la moshi. Moto uko chini kwenye mzizi.

Sita, ndiyo niliyoanza nayo: jino lililokutesa siku kadhaa kisha likaacha kusikia baridi wala moto.

Na kuna dalili za hatari, ambazo hazingoji asubuhi wala ruhusa ya msimamizi. Uvimbe unaopanda kwenye jicho au kushuka shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo, kushindwa kumeza mate, kupumua kwa shida. Ukiona hivyo, nenda hospitali usiku ule ule. Jipu la jino likishuka shingoni linaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Siwatishi, ndivyo lilivyo.

UTAFANYIWA NINI

Hofu kubwa ya wenzetu ni kutojua. Basi nieleze kama nilivyofanyiwa mimi kwa jino la pili, maana baada ya kupoteza la kwanza nilipata akili.

Daktari anaanza kwa kuuliza na kupima. Anagonga jino, analigusa kwa kitu baridi, anatazama ufizi, anapiga picha ya eksirei kuona mizizi na mfupa. Hapo mwambie kila kitu: kama una mimba, kama una kisukari au shinikizo la damu, dawa unazotumia, na dawa zisizokupatana. Si kila maumivu ya shavu ni mzizi. Huenda ni ufizi, ni gego la mwisho linaloota vibaya, au ni mafua yaliyoshuka kwenye mfupa wa uso.

Kisha inakuja sindano ya ganzi. Hiyo utaisikia. Baada yake hutakiwi kusikia maumivu, bali kusukumwa na mtetemeko. Jino lililowaka sana wakati mwingine ganzi inalishika kwa shida. Ukisikia uchungu inua mkono, useme, uongezewe. Si ushujaa kuvumilia kimya, maana ukishtuka unamharibia daktari kazi.

Daktari akiwa na vifaa kamili hufunika jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie. Anatoboa juu ya jino, anafika chumbani, anaondoa nyama iliyooza. Kisha anaingiza visindano vyembamba kama uzi, anapima urefu wa kila mfereji, anausugua na kuupanua. Mmarekani Edward Maynard alitengeneza kisindano cha namna hiyo mwaka 1838 kutokana na spring ya saa. Kazi hii tangu mwanzo ni ya ufundi na subira. Mifereji inaoshwa kwa dawa ya klorini, ndugu wa ile tunayofulia nguo nyeupe. Lakini msijaribu hata siku moja kutia dawa ya kufulia mdomoni mwenu. Daktari anajua kipimo na anajua pa kuipitisha.

Mwisho mifereji inajazwa utomvu mgumu wa miti ya Asia, jamaa wa mpira, ili vijidudu visirudi. Juu linazibwa. Yote haya huweza kuchukua saa moja au zaidi kwa safari moja. Jino la mbele huenda likaisha siku moja, gego likataka safari mbili au tatu. Katikati ya safari unawekewa kizibo cha muda.

Ukirudi nyumbani jino litauma kidogo ukilikanyagia chakula, siku mbili tatu hivi, na dawa ya kawaida ya maumivu aliyokuandikia daktari inatosha. Kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, au uvimbe unatokea, rudi. Usitafune mahindi ya kuchoma wala muwa upande ule mpaka kizibo cha kudumu kiwekwe. Na gego lililotibiwa mzizi huwa dhaifu, hupasuka upesi, kwa hiyo daktari anaweza kukushauri livishwe kofia. Swali la kofia ni swali la fedha, liulize kabla.

Kuna tiba hii kushindwa? Ndiyo, kuna mizizi iliyopinda na mifereji iliyojificha. Lakini mengi ya meno yaliyotibiwa vizuri yanadumu miaka mingi. Langu natafunia mpaka leo.

Na neno kwa wapenzi wa vidonge. Antibaiotiki peke yake haiponyi jino lililokufa. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Uvimbe utapungua, utasema umepona, kisha utarudi. Daktari huitoa pale uvimbe na homa vinapoenea, pamoja na kutibu au kung'oa jino, si badala yake. Kidonge cha maumivu kimezwe, kisiwekwe juu ya ufizi, kinauchoma. Maji ya betri na petroli ni sumu, tusizungumze zaidi.

KOSA LA KATI YA NJIA

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi ya jino langu. Mwenzetu mmoja, mchumaji hodari, alianza kutibiwa mzizi. Safari ya kwanza ilimwondolea maumivu yote. Alikuwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki ya pili ilikuwa ya mavuno mazuri, na mchumaji analipwa kwa kilo. Akafikiri: siumwi, nikose kilo za siku nzima na nauli ya pikipiki kwa ajili gani? Hakurudi. Kizibo cha muda kikatoka, mate yakaingia, jino likapasuka mpaka chini ya ufizi. Likang'olewa. Alilipia kutibiwa, akalipia kung'olewa, akakosa kilo za siku nne badala ya moja.

Wapo waliosema huyo dada ni mzembe. Mimi nakataa. Alifanya hesabu ambayo kila mmoja wetu angefanya, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kutouma si kupona, na kwa sababu siku ya hospitali kwetu sisi ni siku ya njaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini asiyepewa ruhusa ya kwenda kuziba ufa, tusimlaumu peke yake ukuta ukianguka.

KUNG'OA PIA NI TIBA

Tusidanganyane. Sisemi kila jino litibiwe mzizi. Jino lililopasuka mzizi, lililooza mpaka halina pa kushikia kizibo, au linalotikisika kwa sababu ufizi umekwisha, hilo ling'olewe. Magego ya mwisho yakiharibika kwa kawaida hung'olewa. Na mtu asiye na uwezo wa kurudi safari zote, ni heri ang'olewe vizuri kuliko kuacha tiba nusu. Hakuna aibu. Ninalopinga ni kung'olewa bila kuulizwa, na kuamua bila kujua. Jino moja la kutafunia likitoka, ya jirani hulala kuelekea pengo, na la upande wa pili hurefuka. Anayevuta chai au muwa kwa meno matatu anajua ninachosema.

Basi ukikaa kwenye kiti, uliza maneno haya: Jino hili linaweza kuokolewa? Hapa mnatibu mzizi au mnang'oa tu? Safari ngapi? Faranga ngapi kwa jumla, na bima yangu inalipa kiasi gani? Kizibo cha kudumu kimo katika bei hiyo? Kuuliza si utovu wa adabu. Tunauliza bei ya nyanya sokoni Kamembe, tusiulize ya mwili wetu?

Mwenye mituweli, ambayo tangu mwaka 2015 inasimamiwa na RSSB, huanza kituo cha afya, ndipo apewe karatasi ya kwenda hospitali. Kwetu Rusizi tuna hospitali ya Gihundwe na ya Mibilizi. Usiruke ngazi, maana bila karatasi utalipa mwenyewe. Na usikate tamaa ukiambiwa uende mbali zaidi, mpaka ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Wataalamu wanaongezeka: mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza kufundisha madaktari wa meno wa shahada hapa hapa nchini.

KAZI YA CHAMA

Katika mkutano mmoja wa kamati yetu, mwenzangu alisema chama kidai mshahara, meno ni mambo ya mtu na mkewe. Namheshimu, lakini amekosea. Mshahara unaliwa kwa meno. Na siku sita nilizokaa nyumbani hazikulipwa na mtu. Ugonjwa unaomwondoa mfanyakazi kazini ni jambo la chama, uwe wa mgongo, wa mapafu au wa jino.

Naleta mapendekezo manne, wenzangu wayapime.

La kwanza, ruhusa ya siku ya matibabu ya meno, kwa karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kurudi, bila mtu kufutwa kwenye orodha ya wachumaji. Sheria ya kazi Na. 66 ya mwaka 2018 inatambua likizo ya ugonjwa iliyothibitishwa na daktari. Jino linalooza mpaka kwenye mfupa ni ugonjwa. Karatasi hiyo ndiyo silaha yetu, tusitoke hospitali bila kuidai.

La pili, kila mjumbe wa chama aulize hospitali iliyo karibu naye kama inatibu mzizi, siku zipi, na bei gani baada ya bima, kisha aandike ubaoni mahali pa mizani. Habari hiyo haigharimu kitu, na inaweza kuokoa meno mengi kuliko hotuba yangu hii.

La tatu, kimina chetu kiwe na mfuko mdogo wa dharura ya matibabu, mtu akope nauli na malipo ya safari ya pili, arudishe kidogo kidogo. Tunakopeshana kwa harusi na kwa msiba. Tukopeshane na kwa mwili.

La nne, tuombe mtaalamu wa meno aje shambani mara moja kwa mwaka kupima na kufundisha. Tobo linaloonekana mapema halifiki kwenye mzizi. Hapo hapo tukumbushane ya nyumbani: mswaki na dawa yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala, na sukari ipungue. Tunachuma chai, lakini chai si adui, adui ni vile vijiko vinne tunavyokoroga ndani yake mara tatu kwa siku.

Ndugu, najua mapendekezo haya hayatamaliza kila kitu. Wapo watakaokwenda na kuambiwa mashine ya eksirei imeharibika, au bei ni kubwa kuliko ujira wa mwezi. Hao tuwalete kwenye mkutano waseme, tuandike, tupeleke mbele. Jambo lisilosemwa haliwezi kudaiwa.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku ulimi wako ukitafuta lile jino lililokutesa mwezi uliopita kisha likatulia, wewe ndiye hasa niliyekuandikia. Usingoje liseme tena. Omba ruhusa kesho. Wakikunyima, njoo tuonane.

Mwandaaji wa chama, Nkungu, Rusizi